Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo na ambao bado mnalisoma gazeti letu, leo nataka kulishitaki neno moja mbele yenu. Neno lenyewe ni "tumezoea". Mgeni akija Nchelenge na kuuliza habari za malaria, hujibiwa kwa kicheko, "Sisi watu wa ziwani tumezoea." Mvulana wa madarasa ya juu akiambiwa alale ndani ya chandarua, hujibu hivyo hivyo. Hata mzee ambaye mjukuu wake ana homa siku ya pili husema ngoja tuone, kwani watu wa hapa wamezoea.

Maoni yangu ni kwamba neno hilo lina nusu ya kweli, na nusu yake nyingine inawaua wadogo zetu. Ni kweli kwamba mtu mzima wa kando ya Ziwa Mweru haugui malaria kama mtoto mchanga. Lakini malaria haijamwacha. Imenyamaza tu, na kunyamaza si kuondoka. Siku hizi wataalamu wa elimu ya viumbe wanaweza kutuonyesha jinsi kimya hicho kinavyofanywa ndani ya kijidudu chenyewe, katika uzi wake wa urithi. Nitajaribu kulieleza jambo hilo kwa maneno mepesi, maana nadhani mtu akilielewa vema hatasema tena "tumezoea" bila kuona haya.

Kwanza tuitazame wilaya yetu. Nchelenge iko katika Mkoa wa Luapula, ukingoni mwa ziwa, na ng'ambo yetu ni Kongo, kwenye miji ya Pweto na Kilwa. Mitumbwi huenda na kurudi kila siku, na kijidudu hakiulizwi hati ya kusafiria. Mbu wanaoeneza malaria hapa hasa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni Anopheles gambiae, anayestawi mvua zinaponyesha na vidimbwi kujaa. Wa pili ni Anopheles funestus, apendaye maji ya kudumu yenye majani marefu, kama yale ya kando ya ziwa na ya vijito. Mmoja akipungua, mwenzake yuko kazini. Basi malaria ya kwetu haina likizo.

Katika mpango ulioanza mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na wenzao wa Zambia na Zimbabwe, walichagua mahali patatu pa kuchunguza malaria: Choma kusini mwa nchi yetu, Mutasa huko Zimbabwe, na Nchelenge. Huko Choma ugonjwa umepungua sana. Kwetu, walipopita nyumba kwa nyumba na kupima damu, waliona dalili za vijidudu katika karibu nusu ya watu, na watoto wa umri wa kwenda shule waliwazidi watu wazima. Kuanzia mwaka 2014 nyumba nyingi za wilaya yetu zilipulizwa dawa iitwayo pirimiphos-methyl, kwa kuwa mbu walikuwa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za aina nyingine. Malaria ilipungua, lakini kwa kiasi tu. Fikirini jambo hili: wengi wa watu hao waliokutwa na vijidudu walikuwa wakienda shambani, ziwani na shuleni kama kawaida. Huo ndio umati wa watu "waliozoea".

Sasa tukitazame kijidudu. Vijidudu vya malaria vilionekana mara ya kwanza katika damu ya mtu mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, na aliyeviona ni Bwana Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 1897, huko India, Bwana Ronald Ross aliona vijidudu hivyo ndani ya mbu. Kijidudu kilicho kikali kuliko vyote, na ndicho chetu hapa, huitwa Plasmodium falciparum. Huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula yaliyomo, na baada ya saa 48 hivi huipasua na kutoa watoto 16 au zaidi. Kila mtoto hutafuta chembe yake, na kazi huanza upya. Hapo ndipo homa hupanda.

Lakini kijidudu kina adui, naye ni bandama. Bandama huchuja damu, na chembe iliyokwisha kuharibika ikipita huko hukamatwa. Ili isipite, kijidudu hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuitoa nje ya chembe mfano wa ndoano. Kwa ndoano hiyo chembe hunasa katika kuta za mishipa midogo ya damu, na hapo hukaa salama. Chembe nyingi zikinasa katika mishipa ya ubongo, mtoto hushikwa na degedege, akazimia, na pengine asiamke.

Ndoano ina hatari yake kwa mwenyewe. Iko nje, na chochote kilicho nje mwili hukiona. Baada ya siku kadhaa mwili hutengeneza kingamwili za kuishika ndoano ile, na vijidudu vinaanza kufa kwa wingi. Ingekuwa kijidudu kina ndoano moja tu, malaria ingekuwa kama surua, unaugua mara moja na kwisha. Lakini mwaka 1995 wataalamu walizigundua jeni zinazoamuru ndoano hizo zitengenezwe, nazo zinaitwa jeni za var. Mwaka 2002 uzi wote wa urithi wa kijidudu hiki ulikwisha kusomwa, kromosomu zake zote 14, zikahesabiwa jeni za var kama 60. Kila jeni huamuru ndoano ya umbo lake. Na jambo la ajabu ni kwamba kwa wakati mmoja kijidudu hutumia jeni moja tu kati ya hizo. Zilizobaki zote zimenyamazishwa.

Zinanyamazishwaje? Hapa naomba uvumilivu wenu, maana hapa ndipo kiini cha habari kilipo. Wavuvi wetu wanajua kwamba wavu uliokunjwa na kufungwa kamba hauvui samaki, ingawa hakuna hata jicho lake moja lililokatika. Uzi wa urithi, yaani DNA, ni hivyo hivyo. Katika kila chembe ya mwili wa mwanadamu mna uzi wa karibu mita 2, nao unakaa katika kiini ambacho hukioni bila darubini. Unaenea humo kwa sababu umezungushwa juu ya vifundo vya protini ziitwazo histoni. Histoni 8 hufanya kifundo kimoja, na uzi hukizunguka karibu mara mbili kabla ya kwenda kwenye kifundo kinachofuata. Uzi huo pamoja na histoni zake huitwa kromatini.

Mahali kromatini ilipolegea, jeni zaweza kusomwa na kutii amri. Mahali ilipokazwa, jeni hunyamaza. Kinacholegeza na kukaza ni alama ndogo za kemikali. Histoni zina mikia inayotokeza nje, na juu ya mikia hiyo chembe hubandika alama, kama vile mwenye duka anavyobandika karatasi juu ya marobota yake. Alama za asetili huwa ishara ya kufungua. Alama za methili zikiwa mahali fulani fulani huwa ishara ya kufunga. Elimu ya mambo haya huitwa epijenetiki. Neno hilo lilianzishwa na Bwana Conrad Waddington wa Uingereza mwaka 1942, kabla alama zenyewe hazijajulikana.

Msidhani kuwa hayo ni mambo ya vijidudu peke yake. Chembe za jicho lako na chembe za ini lako zina uzi ule ule wenye herufi zile zile. Jicho halikuwa ini kwa sababu jeni za kazi ya ini zimenyamazishwa humo. Tena, mtoto akiwa tumboni mwa mama ana aina yake ya hemoglobini ya kubebea hewa katika damu. Akizaliwa, jeni ya hemoglobini hiyo hunyamazishwa polepole, na ya watu wazima hushika kazi. Kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao sote twaujua, hemoglobini ya utu uzima ndiyo iliyo na kasoro. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu matibabu yanayoiamsha tena ile jeni ya utotoni. Imelala miaka mingi, lakini ikiamshwa hufanya kazi kama siku ya kwanza. Hapo tunaona wazi kwamba jeni iliyonyamazishwa haikufutwa.

Turudi kwa kijidudu chetu. Jeni zake za var zilizonyamaza zimekazwa kwa alama tatu za methili zilizobandikwa kwenye kiungo cha tisa cha mkia wa histoni iitwayo H3. Juu ya alama hizo huja protini iitwayo HP1, nayo hukaza robota kabisa. Jeni ile moja inayofanya kazi haina kufuli hilo, nayo ina alama za kufungua. Na kijidudu kinapozaa, alama hurithiwa pamoja na uzi. Watoto huendelea kutumia ndoano ya mzazi wao, kana kwamba wanaikumbuka. Kumbukumbu hiyo ilielezwa na wataalamu mwaka 2007. Lakini mara moja moja, mtoto mmoja kati ya wengi hufunga jeni ile na kufungua nyingine. Kama mwili bado haujaijua ndoano ya zamani, mtoto huyo hana faida yoyote. Lakini kama mwili umekwisha kuijua, ndugu zake wote huangamia, naye hubaki na kuzaa. Homa iliyokuwa imeshuka hupanda tena. Katika uzi wa urithi hakuna hata herufi moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni nani anasema na nani ananyamaza.

Mwaka 2014 watafiti wa Basel, Uswisi, walikiondolea kijidudu ile protini ya HP1 katika maabara. Jeni za var zilizokuwa zimenyamaza zilianza kusema kwa pamoja. Zaidi ya nusu ya vijidudu viliacha kuzaana katika damu na kugeuka kuwa vya kiume na vya kike, na vilivyobaki vilikwama visiweze kuzaa. Basi kimya ndicho uhai wake. Kijidudu kinachosema yote mara moja hakidumu.

Sasa tulipime lile neno letu. "Kuzoea" ni nini hasa? Mwaka 1961 madaktari walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima wa Gambia wakawapa watoto waliougua malaria, na vijidudu katika damu ya watoto vikapungua sana. Kwa hiyo watu wazima wana kitu ndani ya damu yao ambacho watoto hawana. Mwaka 1998 ukatoka uchunguzi mwingine kutoka Kilifi, katika pwani ya Kenya. Walichukua damu za watoto kabla hawajaugua, wakaziweka. Watoto walipougua, wakajaribu vijidudu vya kila mmoja kwa damu yake ya zamani. Wakaona kwamba kijidudu kilichomwangusha mtoto kwa kawaida kilikuwa na sura ambayo damu yake ilikuwa haijapata kuijua. Kilipita katika tundu la ukuta wake.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo maana ya kuzoea. Mwili wa mtu mzima wa Nchelenge umejifunza ndoano nyingi, moja baada ya moja. Ni elimu kama elimu nyingine, na ada yake hulipwa kwa homa. Sisi tunaosema "tumezoea" ni wale waliofaulu mtihani. Waliolipa ada kwa uhai wao hawapo kutujibu. Mtoto wa miaka miwili hajazoea kitu. Yuko darasa la kwanza, na mtihani wake wa kwanza unaweza kuwa wa mwisho.

Tena elimu hiyo haina mwisho. Jeni 60 ni za kijidudu kimoja. Kijidudu kingine kina 60 zake, nazo si sawasawa na za mwenzake. Na yale mwili uliyojifunza hupungua mtu akikaa mbali na ugonjwa. Hapa nasema na kaka zetu mnaofanya kazi Lusaka, ambako malaria ni chache. Mnarudi nyumbani wakati wa Krismasi, katika mvua, pamoja na wake zenu na watoto wenu. Ninyi mnalala bila chandarua kwa kuwa mlizaliwa hapa. Lakini mwili wenu umesahau mengi, na watoto wenu hawakujifunza hata ndoano moja. Wao katika Nchelenge ni wageni kabisa, ingawa wana majina ya babu zao.

Kuna mfano mmoja ambao wavulana huona haya kuusema, nami nitausema. Kati ya jeni za var imo moja ambayo ndoano yake hunasa katika kondo la nyuma la mama mjamzito. Protini yake huitwa VAR2CSA, nayo ilitambuliwa mwaka 2003. Msichana wa hapa hukua akijifunza ndoano nyingine zote, lakini hii haijui, kwa sababu kabla ya mimba hakuna mahali pa kunasa. Akipata mimba ya kwanza, malaria humwingilia kwa mlango ambao haujawahi kulindwa. Pengine yeye mwenyewe hasikii homa kubwa, lakini damu yake hupungua, na mtoto huzaliwa akiwa mdogo na dhaifu. Katika mimba zinazofuata mwili huwa umekwisha kuijua ndoano hiyo, na hatari hupungua. Yuko wapi basi aliyezoea? Dada yetu aliyekuwa mzima tangu utoto wake hakuizoea silaha moja, iliyokuwa ikingoja kimya mpaka siku ile. Ndiyo maana kliniki humpa dawa ya kinga wakati wa mimba, naye hana budi kuinywa hata kama anajiona ana nguvu.

Bado nina hoja moja, nayo yatuhusu sisi wanafunzi. Kijidudu kina jeni nyingine iliyonyamazishwa kwa HP1 ile ile, iitwayo AP2-G. Katika vijidudu vingi jeni hiyo imefungwa, navyo huzaana tu ndani ya damu. Katika vichache hufunguka, na kila kilichofunguka hutoa watoto wa kiume au wa kike, wasiozidi kumsumbua mtu. Hao hukomaa kwa siku kama 10, na wamewekwa kwa ajili ya mbu. Mshambuliaji hodari wa timu yetu aweza kufunga mabao mawili jioni akiwa nao damuni. Usiku analala bila chandarua, mbu anakunywa, na baada ya siku 10 hivi au zaidi mbu yule yule anamwuma mtoto wa mpishi. Mtoto akifa, hakuna atakayemtaja mshambuliaji wetu. Watasema ni malaria tu. Mimi nasema mtu mzima asiyeumwa ndiye ghala ya ugonjwa, na wengi wa ghala hizo wana umri wetu.

Najua majibu mtakayonipa. Wengine watasema chandarua kina joto. Ni kweli, kina joto. Lakini tumevumilia joto la darasani kwa ajili ya cheti, na joto la kanisani siku ya Pasaka. Joto la kitandani lisitushinde kwa ajili ya uhai wa wadogo zetu. Wengine watasema wavuvi wa chisense hufanya kazi usiku kucha na taa zao ziwani, na hakuna chandarua mtumbwini. Hilo pia ni kweli, nami sina la kuwalaumu. Lakini mke na watoto wa mvuvi wamelala nyumbani, na chandarua chaweza kuwa juu yao. Tena mvuvi akirudi na kuhisi homa, apimwe, asiseme ni uchovu wa kazi.

Wengine huchukua vyandarua wakavulia samaki. Sitamcheka baba ambaye chungu chake kitupu kimemsukuma kufanya hivyo. Njaa haina heshima. Lakini chandarua kina macho madogo mno, na huzoa hata vitoto vya samaki ambavyo vingekuwa chakula cha mwakani. Kwa hiyo hupoteza mara mbili, mtoto kitandani na samaki ziwani. Wale ambao hawana njaa, nao wamefunga chandarua kiwanjani kiwe wavu wa goli, hao sina neno la kuwatetea.

Mwisho wapo wanaosema, "Dawa hazina faida, maana homa hurudi." Zambia iliichagua dawa ya artemether na lumefantrine mwaka 2002, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuacha klorokwini. Wengi wetu tunaijua kwa jina la Coartem. Hunywewa mara sita katika siku tatu. Mtu akimeza mara mbili, homa ikashuka, akamwekea ndugu yake zilizobaki, ameviacha vijidudu vilivyofichama vizaane. Na hata anayemaliza dawa yake yote hapa kwetu aweza kuumwa na mbu mwingine wiki inayofuata, na kupata kijidudu kipya chenye ndoano zake. Hapo dawa haikushindwa. Ilifanya kazi yake, na kazi ya kumzuia mbu ni ya chandarua.

Naongeza neno kwa walimu wetu, kwa heshima. Tunapofundishwa urithi tunaambiwa habari za mbaazi za Padre Mendel, nazo ni nzuri. Lakini katika damu ya wanafunzi wanaokaa katika madawati haya mna mfano mkubwa wa jinsi jeni zinavyonyamazishwa na kuamshwa, na sisi tunaambiwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Uchunguzi wa Kilifi ulifanywa katika nchi ya Waafrika, kwa damu ya watoto wa Kiafrika. Uchunguzi wa Nchelenge unafanywa mlangoni petu. Siku hizi kuna wataalamu wanaotafuta dawa za kuvuruga kimya cha kijidudu, kiseme yote mara moja na kuonekana. Kazi hiyo bado iko maabara, haijafika kwenye dirisha la dawa la hospitali. Kwa nini atakayeimaliza asiwe kijana wa Kashikishi au wa Kilwa kisiwani? Yeye angalau anajua ni kitu gani anachokitafuta.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba. Wanafunzi wenzangu, chandarua kiteremshwe kila usiku, na hasa na yule anayejiona hana haja nacho, kwa kuwa hatakitumia kwa ajili yake mwenyewe. Mwenye homa apimwe, na mwenye kupewa dawa aimalize. Kaka zetu mnaorudi likizo, fungasheni vyandarua vya watoto kabla ya kufungasha zawadi. Wazee wetu tuwaambie kwa adabu kwamba nguvu yao ni ya kweli, lakini mjukuu hakuirithi. Atajifunza kama wao walivyojifunza, na si wote watakaomaliza shule hiyo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakujua habari za kromatini, wala za jeni 60, lakini walijua tabia ya kitu kinachojificha. Kijiji kisicho na mgonjwa leo kisifikiri kuwa malaria imehama. Imekunja nyavu zake na kuzifunga kamba, nayo inangoja mtoto.